Mtoto akifanya jambo la aibu kambini: fomu ile inaandikwa ya nini?

Mama aliingia ofisini kwetu, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuiweka mezani. Aliishika tu mkononi, akaniuliza, "Dada, mwanangu ameshaandikwa polisi?"

Mumewe ni mwanajeshi wa Marekani na wakati huo alikuwa nje ya nchi kikazi. Wanaishi kwenye nyumba za kambini. Mtoto wao wa miaka minane alikutwa na mtoto wa jirani, mdogo kwake kwa miaka mitatu, katika mambo ambayo mtoto wa Kenya angeyaita "tabia mbaya" na wa Tanzania "mchezo mchafu". Kituo cha watoto kikatoa taarifa, simu zikapigwa, na baada ya siku mbili mama akapewa fomu. Kiingereza chake ni cha dukani. Aliyemsomea fomu ile usiku, mstari kwa mstari, kwenye meza ya jikoni, ni binti yake wa miaka 13. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isijulikane, lakini binti huyu nimemwacha kama alivyo, maana ndiye aliyeniumiza moyo kuliko wote. Alilazimika kumtafsiria mama yake habari za mdogo wake, kwa maneno ambayo hakupaswa kuyajua bado.

Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na familia ninazozihudumia zinazungumza Kiswahili. Jeshini tupo wengi kuliko watu wanavyodhani. Wapo walioingia kwa kadi ya kijani, na wapo walioingia kupitia mpango wa MAVNI, ulioanza 2009 na kusitishwa 2016, ambao uliwatafuta wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, Kiswahili kikiwamo. Wakaja na wake, waume na watoto. Yakitokea mambo kama haya, familia zetu huwa na hofu mbili kwa pamoja: ya aibu mbele ya watu wetu, na ya karatasi ya serikali. Aibu nitaigusa kidogo. Leo nataka kuizungumzia karatasi.

Kwa kawaida fomu ile hutoka kwa FAP, yaani Programu ya Utetezi wa Familia ya Wizara ya Ulinzi. Programu hii imekuwapo tangu miaka ya 1980, na iliundwa kwa ajili ya ukatili wa nyumbani: mume na mke, au mzazi anayemdhuru mtoto. Mtu mzima ndiye aliyekuwa mtuhumiwa, na mfumo mzima ulijengwa kwa kumtazama yeye.

Mtoto alipomfanyia mtoto mwenzake jambo, hapakuwa na mlango wa kugonga. FAP ilikuwa ikisema aliyehusika si mzazi wala mlezi, kwa hiyo suala hilo haliko chini yake. Idara za ustawi wa watoto za majimbo mara nyingi zilijibu vivyo hivyo. Waendesha mashtaka nao walikwama kwenye ardhi. Kambi nyingi zilikuwa chini ya mamlaka ya serikali kuu peke yake, na mahakama ya watoto ya jimbo haikuwa na uwezo humo. Waendesha mashtaka wa serikali kuu ilikuwa nadra kushughulikia kesi za watoto. Basi baba alipohamishwa, familia ilifungasha na kuondoka. Mtoto aliyeumizwa alibaki bila tiba. Aliyefanya alifika kambi nyingine, shule nyingine, na hakuna aliyejua kwamba alihitaji msaada.

Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi uliohesabu karibu matukio 600 ya watoto kudhulumiana kingono kambini tangu 2007. Shirika lililazimika kuyakusanya lenyewe, kutoka faili hili na lile, kwa sababu wizara haikuwa na mahali pamoja pa kuyatazama. Agosti mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019, na ndani yake kifungu cha 1089 kinaitaka wizara iweke sera kuhusu matukio haya pamoja na kanzidata moja kwa majeshi yote. Februari 2020, GAO, taasisi inayolikagulia Bunge kazi za serikali, ikatoa ripoti iliyoonyesha kwamba mapengo katika kufuatilia matukio haya bado yalikuwapo.

Kwa hiyo mama anapoona fomu, anachokiona ni mwisho wa historia ndefu ya watoto waliopotea katikati ya ofisi.

Sasa turudi kwa mtoto mwenyewe. Mwongozo wa jeshi haumwiti mkosaji wala mshambuliaji. Unazungumzia mtoto aliyeonyesha tabia na mtoto aliyeathiriwa nayo. Mara ya kwanza nilipousoma nilidhani ni maneno ya kupunguza makali. Nimebadili mawazo. Watoto wa miaka minane hufanya mambo kwa sababu nyingi: wameona kitu kwenye simu, wamefanyiwa wao, wamekosa mtu wa kuwaangalia, au wanaelemewa na hofu wasiyoijua jina. Mengine ni udadisi wa kawaida wa umri, nao wataalamu hutofautisha kati ya tabia ya kawaida, tabia ya kuiangalia kwa makini, na tabia yenye tatizo. Ukimpa mtoto wa umri huo jina la mhalifu, atakua nalo.

Utafiti mmoja uliochapishwa 2006 ninautaja kila mara kwa wazazi. Watafiti wa Oklahoma waliwachukua watoto 135 wa miaka 5 hadi 12 wenye tabia hizi, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata tiba fupi ya kufundishwa kutambua mawazo, kujizuia na kufuata kanuni za mwili, la pili likapata tiba ya michezo. Wakafuatiliwa kwa miaka kumi. Katika kundi la kwanza, waliokuja kuhusishwa na kosa la kingono walikuwa asilimia 2. Kundi la pili, asilimia 10. Watoto wengine wa kliniki hiyohiyo, waliopelekwa kwa utundu wa kawaida tu, asilimia 3. Maana yake mtoto aliyepata tiba inayofaa alikua akiwa karibu sawa na mtoto yeyote mtundu.

Mama alipozisikia hesabu hizo aliweka karatasi mezani.

Kisha nikamwambia jambo la pili kuhusu utafiti huo, ambalo watu hulipita. Asilimia zile zilijulikana kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu. Watafiti walipekua rekodi za mahakama na za ustawi wa watoto, miaka kumi baadaye, wakaona nani ameonekana humo na nani hajaonekana. Kama kila familia na kila ofisi ingefukia jambo lake, leo nisingekuwa na kitu cha kumwambia mzazi zaidi ya "tumwombe Mungu".

Tukaifungua fomu pamoja. Nakuomba na wewe uifungue hivyo, kwa mpangilio, kabla hujaandika hata jina.

Angalia kwanza pembe ya juu. Kama ni fomu ya kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi, panapaswa kuwa na namba ya Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya Ikulu, na tarehe ya kuisha muda wake. Namba hiyo haitolewi hivihivi. Wizara hutangaza kwenye Gazeti la Serikali Kuu kwamba inataka kukusanya taarifa fulani, inaeleza za nini, na inakadiria zitamchukua mtu dakika ngapi. Wananchi hupewa siku 60 za kutoa maoni, kisha siku nyingine 30. Wewe pia ni mwananchi wa kutoa maoni, na huhitaji kuwa mwanasheria. Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya 1995 inasema mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutojibu fomu inayopaswa kuwa na namba hiyo lakini haina.

Halafu tafuta kisanduku cha maandishi madogo, yale ambayo binti aliyaruka kwa sababu yalimchosha. Hicho ndicho kiini cha fomu. Sheria ya Faragha ya 1974 inalazimisha mambo manne yaandikwe hapo: ni sheria gani inayoruhusu taarifa hizi ziombwe, zinaombwa kwa kusudi gani, ni nani wengine wanaoweza kupewa, na kama kujibu ni hiari au lazima, pamoja na kitakachotokea usipojibu. Usikubali kuharakishwa hapo. Mwambie afisa, "Nisomee sehemu hii kwa lugha yangu." Nimeona maafisa wema wakikaa dakika arobaini kwa ajili ya aya moja.

Hilo la tatu, la nani mwingine anaweza kupewa, sitakuficha. Taarifa hizi zina ulinzi, lakini haziko kaburini. Ikionekana mtoto yuko hatarini au sheria imevunjwa, wapelelezi na ustawi wa watoto wa jimbo watajua. Kamanda wa mzazi naye anaweza kujulishwa, hasa pale panapohitajika watoto watenganishwe au nyumba ibadilishwe. Tangu Desemba 2016 ipo pia Sheria ya Talia, iliyopewa jina la mtoto wa miaka mitano aliyeuawa Hawaii mwaka 2005. Sheria hiyo inawataka watumishi wa jeshi wenye wajibu wa kuripoti unyanyasaji wa mtoto wapeleke taarifa moja kwa moja kwa ustawi wa watoto wa jimbo, zisiishie ndani ya kambi. Mzazi anayeambiwa "hakuna atakayejua" anadanganywa, na uongo huo ukifichuka hatarudi tena kuomba msaada.

Lakini una haki juu ya faili hilo. Sheria ileile ya 1974 inampa raia, na pia mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani, haki ya kuomba kuona rekodi yake na kuomba irekebishwe panapokosewa, na mzazi anaweza kufanya hivyo kwa niaba ya mtoto. Ipo mipaka, hasa kwenye faili za upelelezi. Hata hivyo, omba. Kwenye fomu ya mama yule umri wa mtoto ulikuwa umeandikwa 11 badala ya 8. Kosa la tarakimu tu, lakini katika masuala haya pengo la umri kati ya watoto wawili ni jambo la kwanza ambalo mtaalamu huliangalia. Miaka mitatu ikawa sita. Lilirekebishwa wiki hiyohiyo, kwa barua fupi na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kaka mmoja wa kikosi cha mumewe alikuwa amemshauri aende tu kwa mshauri wa familia wa kambini, yule asiyeandika kumbukumbu. Ni kweli wapo washauri wa aina hiyo na hawaweki faili la mazungumzo, isipokuwa wanapoona hatari, kama unyanyasaji wa mtoto, ambayo ni lazima wairipoti. Kwa mzazi aliyechoka, au ndoa iliyoyumba kwa sababu ya safari za kikazi, ni watu wa kutegemewa sana. Kwa mtoto huyu hawatoshi. Anahitaji tiba ya wiki nyingi, na mtoto wa jirani naye anahitaji yake, na familia za jeshi huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Pasipoandikwa kitu, tiba hukatika siku lori la mizigo linapofika.

Kuhusu aibu, nimwambie mzazi mwenzangu neno moja. Usimchape ili "asirudie tena", wala usimlazimishe kuomba msamaha mbele ya jumuiya. Mtoto aliyeathiriwa akisikia jambo lake limesimuliwa kwenye harusi ya Jumamosi, ameumizwa mara ya pili. Watenganishe watoto kwa upole, mwangalie wako kwa karibu, usimhoji maswali mengi. Mahojiano waachie waliofunzwa, wanaojua kumwuliza mtoto mara moja badala ya mara tano.

Na mkalimani uombe mapema, mtu mzima, asiye wa mtaa wako. Kama hujui pa kuanzia, piga Military OneSource, 800-342-9647, mchana au usiku. Taja kwa Kiingereza neno "Swahili", kisha subiri kwenye simu.

Mama alijaza fomu siku iliyofuata, mkalimani akiwa kwenye spika ya simu na binti akiwa shuleni. Alipomaliza aliitolea nakala, akaiweka kwenye faili lake la bluu pamoja na kadi za chanjo na ripoti za shule, faili ambalo kila mke wa mwanajeshi hulibeba mkononi wakati wa kuhama na halipandishi kwenye lori. Juu ya bahasha akaandika kwa Kiswahili maswali mawili ya kumwuliza mshauri wa FAP siku ya kuaga: faili hili linapokelewa na nani huko tuendako, na atanipigia lini.