Wasichana hawapendi michezo? Si kweli

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: eti wasichana kwa maumbile hawapendi michezo ya shule, tena mpira huwaharibu kizazi. Si kweli. Mazoezi ya kawaida hayaleti utasa. Wapo wanariadha waliozaa wakarudi uwanjani.

Kinachowapunguza uwanjani mara nyingi ni kukosa muda. Kengele ya saa kumi ikilia, kaka anabaki uwanjani, dada anawahi maji, kuni na mdogo wa kubeba. Bado hedhi bila pedi. Watu wanaona hayupo, wanadhani hataki.

Ukitaka kuhakikisha, tazama netiboli jioni kwenye shule ya bweni ya wasichana, kisha waulize wa kutwa wanakimbilia nini. Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze.