Kabla ya Turbo, Nioneshe Breki za Tela

Msimu wa mavuno ukikaribia, ombi linaloletwa kwenye karakana ya chuo chetu huwa lilelile: "Mwalimu, niongezee nguvu, nataka kuvuta tela." Gari mara nyingi ni Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, au Hilux ya dizeli. Mwenyewe amekwishapiga hesabu ya turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), ya ekzosi pana, na ya pampu kufunguliwa imwage dizeli zaidi. Mimi humwomba kwanza anioneshe tela.

Tukiinama chini yake, tunakuta ekseli iliyotolewa kwenye gari chakavu na kuchomelewa fremu. Dram zipo. Ukifungua moja, ndani hamna kitu: shuu (vipande vinavyobana dram kwa ndani) hazipo, silinda ya breki haipo, bomba la mafuta ya breki limekatwa na kukunjwa kwa koleo. Tela hilo linabeba tangi la maji la lita 2,000, yaani tani mbili kamili kabla hujahesabu chuma, na linategemea breki za gari linalolivuta.

Hapo huwa sirudi nyuma, hata mteja akinuna. Injini ikiwa dhaifu utaupanda mlima wa Kitonga polepole, malori yakikupigia honi, lakini juu utafika. Siku ya kushuka ndiyo inayonitia hofu.

Tupige hesabu. Pikapu na mzigo wake tani 2.5, tela tani 2.5, jumla tani 5. Zikishuka mlima wenye kimo cha mita 400, nishati inayotakiwa kumezwa njiani inakaribia megajuli 20. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya bomba. Ukishuka kwa kukanyaga breki tu, sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski na dram za pikapu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana dereva aliyenusurika huapa kwamba pedeli ilizama hadi sakafuni, ilhali fundi akilipima gari kesho yake likiwa limepoa, anakuta breki zinashika vizuri. Dereva hasemi uongo.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye breki za tela lenyewe. Watengenezaji wengi wa pikapu huruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki, hata pale gari hilohilo linaporuhusiwa kuvuta kilo 3,500 tela likiwa na breki. Aina ninayoipendekeza kwa mazingira yetu ni ile inayojiendesha kwa msukumo. Pikapu ikipunguza mwendo, tela huisukuma kwa nyuma. Msukumo ule unarudisha fimbo iliyo kwenye mkono wa tela, na fimbo inavuta waya unaotanua shuu zibane dram. Haihitaji umeme, na fundi wa kijijini anaweza kuirekebisha kwa spana mbili. Breki za umeme ni nzuri zaidi kwa sababu dereva anaweza kuzishika akiwa kwenye usukani, ila zinataka nyaya nene na maungio yasiyoingia vumbi, na vumbi la barabara zetu halina huruma. Upande wa pikapu, mwaga mafuta ya breki ya zamani, weka mapya ya DOT 4 yanayochelewa zaidi kuchemka, na badilisha hosi za mpira zilizoanza kupasuka.

Jambo la pili halihitaji hata kununua kifaa: namna ya kupanga mzigo. Uzito unaokaa kwenye mpira wa kuvutia (tufe la chuma nyuma ya pikapu linaloshika mkono wa tela) uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa tela. Kwa tela la kilo 2,500 hiyo ni kilo 250. Ukirundika mzigo nyuma ya ekseli, mkono wa tela unakuwa mwepesi, na ukifika kilomita 80 kwa saa mkia unaanza kucheza. Ukizidisha mbele, pikapu inakaa kitako. Kumbuka mpira uko zaidi ya mita moja nyuma ya ekseli, hivyo kilo 250 zile huibebesha ekseli ya nyuma karibu kilo 350 na kuipunguzia ya mbele karibu 100. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu ya miti. Wengi hapo hukimbilia kuongeza mapleti ya springi. Mapleti yatainua gari, lakini chesisi na bearing za magurudumu ni zilezile, na tumepokea chesisi zilizopasuka nyuma ya kabini kwa sababu hiyo. Kupima ni rahisi: chukua mizani ya kupimia magunia, egesha mkono wa tela juu yake katika kimo kile kile cha mpira, usome. Tangi la maji nalo lijazwe hadi juu au liwe tupu. Likiwa nusu, maji yanakimbia mbele na nyuma na kuusukuma mkono wa tela kila unapofunga breki.

Sasa turbo, maana najua ndiyo mliyokuja kuisoma. 1HZ ni injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, yenye takriban nguvu farasi 130. Hupuliza dizeli kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi kabla moto haujashuka kwenye pistoni, na hugandamiza hewa zaidi ya mara 22. Kwa mpangilio huo joto hujikusanya kwenye hedi. Mwaka jana ililetwa moja iliyofungwa turbo mtaani na pampu ikafunguliwa. Ilikuwa inavuta sana, mwenyewe alisema, kwa miezi minne. Tulipoinua hedi tulikuta ufa kati ya valvu, na pistoni ya sita imechomeka ukingoni. Hakuna aliyemfungia geji ya joto la ekzosi. Ukiamua kufunga, msukumo wa hewa ya turbo usizidi nusu baa, geji iwekwe kabla ya turbo, na mguu ulegee mshale ukikaribia nyuzi 700. Kabla ya hapo safisha rejeta, maana nyingi zimeziba kwa nyasi na tope, na hakikisha klachi ya feni haijachoka. Magari mengi yanayodaiwa kukosa nguvu, kumbe yanachemsha.

Wenye Hilux mpya ya lita 2.8 wanaotaka kompyuta ya injini ichezewe waangalie kwanza kiwanda chenyewe kilifanya nini: ya giaboksi ya otomatiki ilipewa nguvu ya kuzungusha ya Nm 500, ya giaboksi ya mkono ikaachiwa 420, injini ni ileile. Kiwanda hakikuinyima ile ya mkono nguvu hiyo bila sababu.

Matairi nayataja kwa ufupi. Makubwa ya urembo yanaondoa nguvu: yakizidi kipenyo kwa asilimia 10, umepoteza karibu kiasi hicho hicho cha uvutaji. Soma namba ya mzigo ubavuni. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 121 ni kilo 1,450.

Siku ya kwanza usiende mbali. Chukua mteremko mfupi, shuka kwa gia namba mbili, usiliachie gari likimbie ndipo ukanyage. Chini, simama pembeni na uzunguke magurudumu yote, ya pikapu na ya tela, ukisogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Magurudumu ya ekseli moja yanatakiwa kuwa na uvuguvugu unaofanana. La tela lililo baridi halikufanya kazi, na mwenzake amebeba sehemu yake. Linalounguza shuu zake zimenasa. Rudi gereji na hayo mawili kabla hujapakia hata gunia moja.