Damu Inatoka, Mnangoja Nini? Maswali Tunayoulizwa Wodini Tanga Kuhusu Mimba Kutoka

Mimba kutoka ni nini?
Ni mimba kuharibika kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo. Nyingi hutoka zenyewe miezi mitatu ya mwanzo, bila kosa la mtu. Nyingine hutolewa.

Sheria inasemaje kuhusu kutoa?
Kanuni ya Adhabu ni kali: anayemtoa mwanamke mimba, kifungo hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe, hadi 7. Daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama analindwa. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, unaoruhusu kutoa pia mimba ya ubakaji au ya maharimu, lakini Kanuni ya Adhabu haikufuata. Ndipo wanaharakati, wabunge, masheikh na mapadri wanapovutana. Wavutane. Wodini mgonjwa anavuja damu.

Nikija natokwa damu, nitakamatwa?
Njoo! Kutibiwa mimba iliyoharibika si kosa, iwe ilitoka yenyewe au ilitolewa. Ni huduma halali ya dharura, na haisubiri PF3, ile fomu ya polisi. Tutakuuliza umemeza nini, kimeingizwa nini, lini. Tunauliza ili tujue pa kuanzia. Ukificha, tunatibu kwa kubahatisha.

Mama mkwe anasema ni damu chafu, iachwe iishe.
Hapana. Narudia: hapana. Pedi mbili zikilowa ndani ya saa moja, saa ya pili hivyohivyo, hiyo ni hatari. Homa, uchafu wenye harufu, tumbo kuuma sana, kizunguzungu: dalili moja tu yatosha, msingoje zikamilike. Binti analetwa kwa bodaboda, kapakatwa katikati, kanga zimelowa hadi kiti cha pikipiki, viganja vyeupe, na shangazi yake bado anatueleza kwamba ni hedhi imezidi. Damu imeanza juzi! Aibu ya shangazi haiongezi damu mwilini.

Somo yake amempa dawa ya majani. Tuone kwanza?
Muone nini? Majani hayaondoi mabaki kwenye kizazi. Mabaki yakioza, vijidudu huingia kwenye damu, na hapo hata hospitali kubwa inahangaika. Kwa heshima zote, somo na afundishe mambo ya unyago.

Nitafanyiwa nini?
Dripu, dawa za kuua vijidudu, damu ikibidi. Kizazi husafishwa kwa pampu ya mkono, kazi ya dakika chache. Omba na uzazi wa mpango kabla hujaondoka, maana mimba yaweza kuingia tena ndani ya wiki mbili.

Tunakaa mbali, Mkinga ndani huko. Tungoje kukuche?
Msingoje. Tafuteni gari usiku huohuo, mumlaze, msimnyweshe chochote cha kienyeji. Kama kimebaki kijikaratasi cha dawa alizomeza, njooni nacho. Na waje ndugu wawili wazima wa afya, huenda tukahitaji wachangie damu.