Mfundishe mwanao kusema "sina"

Simu yake aliiweka mezani kwangu, kioo kikitazama chini, na kila baada ya dakika mbili tatu ilitetemeka. Nilimwambia aizime. Akasema hawezi: wakimkosa yeye watampigia mama yake. Kijana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mkulima wa korosho, mpole, ukimsemesha anakujibu akiangalia vidole vyake. Alikopa shilingi 50,000 kwenye programu ya mikopo ya simu, arudishe ndani ya siku saba. Siku ya saba hana kitu, akakopa kwenye programu nyingine alipe ya kwanza. Alipofika ofisini kwangu programu zilikuwa nne na deni limepita laki tatu.

Nikamuuliza, ile 50,000 ya mwanzo ilikuwa ya nini? Alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu. Ulikuwa mchango wa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki wa mtu anayekaa naye chumba kimoja.

Mimi ni mshauri nasaha. Mwaka wa kumi na moja huu nakaa na vijana, wa vyuoni na waliomaliza kidato cha nne wakabaki mtaani. Wazazi wakinialika kwenye vikao vyao huniomba mada mbili: siku moja nije na elimu ya fedha, siku nyingine nije na afya ya akili. Huwa nawaomba waziunganishe, maana kwangu mimi ni mada moja. Yule kijana bajeti anaijua. Nilimpa karatasi akanichorea mgawanyo wa fedha zake za mwezi, chakula, nauli, fotokopi, bando, safi kabisa. Kilichomshinda ni kusimama mbele ya wenzake saba na kusema, "Jamani, mimi safari hii sina."

Neno hilo moja, "sina," likimkwama mtu kooni, hakuna somo la hesabu litakalomwokoa.

Tuanze na bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu chuoni, kwa sababu kwa vijana wengi hapo ndipo utu uzima wa fedha unapoanzia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, humkopesha mwanafunzi fedha ya chakula na malazi. Zamani ilikuwa 8,500 kwa siku, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni 10,000. Tatizo ni kwamba haiji kila siku. Huja kwa mkupuo, wa karibu miezi miwili. Yaani laki sita inashuka kwa mpigo kwa mtoto wa miaka 19 ambaye nyumbani hajawahi kuachiwa hata hela ya LUKU. Wiki ya kwanza chipsi kuku na viatu. Wiki ya sita anakunywa uji na kumwitikia kila anayemkaribisha kula.

Huwa sianzi kwa kuwakemea. Nawaomba tufungue pamoja ujumbe wa miamala kwenye simu, tuusome kwa sauti kuanzia siku bumu lilipoingia, mmoja baada ya mwingine. Kila muamala nauliza swali lile lile: usingetoa hii, ungeambiwa nini? Hapo ndipo kazi ilipo. "Wangesema mimi mbahili." "Wangejua kwetu hawana." "Angeniacha." "Kaka angesema nimejiona msomi." Nimeshawahi kuhesabu na binti mmoja tukakuta kati ya miamala 31 ya wiki mbili, 19 ilikuwa ya kununua maneno yasisemwe. Chakula chake mwenyewe kilikuwa sehemu ndogo kabisa. Alilia, na sikumnyamazisha.

Na kubeti nako, ukimsikiliza kijana kwa utulivu, mara nyingi ni hadithi hiyo hiyo. Anataka kurudisha alichotoa kwa aibu kabla hakijajulikana kwamba kimepotea. Mkeka unachanika, anaweka mwingine.

Wanaokopesha kwa simu wanalijua hili kuliko sisi walezi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengi mliosoma orodha ile mliona majina tu. Mimi niliona namna zinavyofanya kazi, kwa sababu vijana wameniletea. Unapoipakua, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizomo kwenye simu yako. Haitaki hati ya kiwanja wala mdhamini. Ukichelewa, shangazi anapigiwa, mchungaji anapigiwa, mwalimu wako wa zamani anatumiwa ujumbe kwamba umemwandika kuwa mdhamini na wewe ni tapeli. Rehani yao ni aibu yako. Kijana ambaye mama yake tayari anajua kwamba anadaiwa hana tena cha kushikiwa.

Ndiyo maana siku ile hatukupiga hesabu kwanza. Tulimpigia mama. Alikataa kwa nusu saa nzima, na nilimngoja, sikumlazimisha. Mwishowe akapiga mwenyewe. "Shikamoo mama." Marahaba, hujambo, umeamkaje, mvua huku haijanyesha. Halafu, "Mama, nadaiwa." Upande wa pili ukawa kimya, kisha nikamsikia mama anauliza, "Umekula leo?" Baadaye alimgombeza, na alikuwa na haki. Lakini kuanzia dakika ile simu iligeuzwa ikatazama juu, na tuliweza kukaa kuorodhesha nani analipwa lini.

Sasa aibu hii vijana wameitoa wapi? Wazazi wenzangu, wameitoa kwetu. "Usiende kusema kwa watu kwamba hatujapika." "Mwambie baba mwenye nyumba sipo." Mtoto anakua akijifunza kwamba kukosa ni siri, na kwamba fedha ni jambo la wakubwa kunong'onezana chumbani. Kisha anatimiza miaka 18, anapata namba ya NIDA, anasajili laini kwa jina lake, na tangu siku hiyo anaweza kukopeshwa na mtu asiyemjua, huku hajawahi hata siku moja kujua baba yake analipwa shilingi ngapi.

Bibi yangu alikuwa kungwi huko Masasi. Kuna mambo ya unyago wa zamani ambayo sitaki yarudi: mabinti waliotolewa shule, na walioozwa kabla ya wakati. Nayasema wazi kwa sababu nimekaa na walioumia. Lakini kulikuwa na kitu ambacho shule hazijakirudisha: mwari alikuwa na somo wake. Mtu mzima mmoja, asiye mama yake mzazi, aliyepewa kazi ya kumwambia mambo bila kupepesa, na ambaye mwari angeweza kumrudia hata baada ya miaka akiwa na kesi ya kumtia soni. Ninapokutana na kijana anayezama, swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: somo wako nani? Wengi hawana. Basi mtafutieni. Mjomba mwenye kifua, jirani, mwalimu mstaafu, mradi mtoto ajue kwamba huyu akiambiwa hatatangaza.

Mtihani mwingine huja na ajira ya kwanza, na hapa nawaomba mchukue kalamu. Tuseme mshahara wa kijana serikalini ni 800,000. Nyumbani wanaijua hiyo laki nane, na wameshaigawa. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kinachobaki, 760,000, ndicho kinachotozwa kodi ya mapato, nayo ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Mkopo wa chuo unakatwa asilimia 15 ya mshahara, 120,000. Jumla 252,000. Kinachoingia mkononi ni 548,000, na hapo hujakata ada ya chama cha wafanyakazi, hujalipa geto wala nauli. Nimeona vijana wanaokopa kila mwezi, mpaka mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kunyonya, ili laki nane ambayo haijawahi kuwapo iendelee kuonekana ipo. Wanasomesha wadogo zao kwa deni. Ninawashauri wachukue karatasi ya mshahara, waende nayo nyumbani Krismasi au Idi, wakae na wazazi, waisome mstari kwa mstari. Baba akishaona makato kwa macho yake, vizinga, yaani kuombwaombwa hela, hupungua bila ugomvi. Kiasi cha kutuma kila mwezi kinakubaliwa pale pale, kidogo lakini cha uhakika.

Kwa wa bodaboda na vibarua hesabu ni ya siku, na kwao nasisitiza jambo moja tu: ya kesho itoke mkononi leo, iende kwa kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo wa kupeana kwa zamu, au kwenye kikoba, kabla hujafika kijiweni.

Aliyemaliza kidato cha nne Novemba anakaa nyumbani mpaka Julai kabla ya kuanza cha tano. Miezi hii tunaiita ya kusubiri. Mkabidhi hela ya LUKU na ya gesi kwa mwezi mmoja, yote siku ya kwanza. Usimfuatilie. Ikiisha tarehe 22, kaeni gizani pamoja, msigombane, na usiende kumkopea. Asubuhi mtume yeye mwenyewe kwa jirani kuomba kuchaji simu, aseme kwa mdomo wake, "Shikamoo mama, kwetu umeme umekatika, hatuna hela mpaka mwisho wa mwezi." Wa kwangu alirudi na simu imejaa chaji na bakuli la maandazi.