Riadha, uanaume na usalama wa wanariadha wa kike Kenya

Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru Kipchoge Keino alipombwaga Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Katika michezo hiyohiyo Naftali Temu alitwaa dhahabu ya mita 10,000, na Amos Biwott ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nchi changa yenye makabila mengi ilipata kitu cha kujivunia kwa pamoja, na dunia nzima ikamjua Mkenya kuwa ni mkimbiaji.

Mkimbiaji huyo alikuwa mwanamume, tena wa gwanda. Keino alikuwa polisi, Temu mwanajeshi. Kwa miaka mingi polisi, jeshi na magereza ndiyo waliowaajiri wanariadha na kuwapa nafasi ya kufanya mazoezi. Tecla Chemabwai, Lydia Stephen na Elizabeth Chesire nao walikimbia Mexico, wanawake wa kwanza kuvaa jezi ya Kenya kwenye Olimpiki. Majina yao hayakuingia katika simulizi la taifa kama ya wenzao.

Kuna maelezo mengine yaliyoshika mizizi. Mabingwa wengi walitoka jamii za Wakalenjin, ambako kijana aliyeingia jandoni alitarajiwa kustahimili kisu bila kupepesa jicho. Wachambuzi wengi wamelishikilia hilo: anayeweza kuvumilia vile, wanasema, maumivu ya mzunguko wa mwisho hayamsumbui. Mimi naona maelezo hayo yana kasoro kubwa. Yanaufanya uvumilivu kuwa mali ya wanaume, na ubingwa kuwa cheti cha uanaume.

Matokeo yenyewe yanasema vingine. Pauline Konga alileta fedha ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Pamela Jelimo akafuata na dhahabu ya mita 800 Beijing mwaka 2008. Huko Paris mwaka 2024 Kenya ilipata dhahabu nne, na tatu zililetwa na wanawake: Beatrice Chebet mita 5,000 na 10,000, Faith Kipyegon mita 1,500.

Wanaporudi, mabingwa hupokewa kwa mursik, maziwa ya mgando yaliyohifadhiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Mshindi huvishwa shingoni sinendet, mmea mbichi unaotambaa, kisha hunyweshwa akiwa amezungukwa na nyimbo, kamera na wanasiasa. Siku hiyo binti huyo ni shujaa wa taifa, hakuna anayebisha.

Tatizo huanza anapofika nyumbani. Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo, akakana. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuchomwa moto katika Kaunti ya Trans Nzoia, wiki tatu tu baada ya kukimbia marathon ya Olimpiki Paris, akafariki kwa majeraha. Aliyekuwa mpenzi wake, ambaye naye alifariki kwa majeraha ya moto huo, ndiye aliyetajwa kuhusika. Ugomvi ulihusu kiwanja.

Kiwanja si jambo dogo hapa. Mwanamume amefundishwa kwamba yeye ndiye mwenye boma, mlishaji na mwenye shamba. Mke anapolipwa kwa mbio moja fedha ambazo yeye hawezi kuzipata kwa miaka, wengine hufurahi na kumsaidia, na wapo wengi wa namna hiyo. Wengine huona wamevuliwa uanaume, wakatafuta kuurudisha kwa kushika akaunti ya benki, simu, mikataba na hatimiliki. Mara nyingi huanza mapema: mwanamume anajitokeza kwa msichana wa sekondari akijiita kocha, anamnunulia viatu, anamtoa shuleni, anamwoa. Akianza kushinda, mume ndiye kocha, meneja na mtunza hazina. Kumwacha ni kupoteza ndoa, kazi na mali kwa mpigo.

Na kambini ameambiwa kila siku avumilie. Uvumilivu huohuo unaomvusha mwisho wa mbio humfanya anyamaze anapopigwa, na wazee humwongezea kwa kumwambia alinde ndoa yake. Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake waliunda Tirop's Angels ili kuwapa waathiriwa mahali pa kusemea. Kazi hiyo isiachiwe wao peke yao. Makocha wasajiliwe na wachunguzwe. Pesa za zawadi ziingie kwenye akaunti ya mwanariadha mwenyewe. Wavulana walio kambini nao wafundishwe kwamba ushindi wa mwenzao hauwapunguzii kitu.

Anayetishwa anaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani chini ya Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, hata kabla hajapigwa. Nambari ya msaada nchini Kenya ni 1195, haitozwi malipo. Jirani au mwenzake wa mazoezi pia anaweza kuipiga.