Mwandishi Ameshajitaja: Vitabu vya Jamii za Asili za Kanada na Majina ya Kuwaita Wenyewe

Kila ifikapo Septemba, dawati letu la wageni hapa maktaba hupokea maswali ya aina mbili. La kwanza ni la wazazi: shule imetuma karatasi kwamba tarehe 30 mtoto avae nguo ya rangi ya chungwa, na mzazi anataka kujua ni sherehe gani. (Mzee mmoja wa Kisumu aliniuliza kwa utani kama ODM, chama cha Kenya chenye alama ya chungwa, kimefika hadi huku.) La pili ni la wanaojiandaa kuapa uraia, wanaokuta ndani ya kiapo maneno ambayo ndugu zao walioapa zamani hawakuyasema. Mwaka huu limeongezeka la tatu, nalo ni malalamiko: kwa nini maktaba ya umma inaweka vitabu vyenye neno "Indian" kwenye jalada, ilhali watoto wanafundishwa shuleni kwamba neno hilo halifai?

Nimetakiwa kuyajibu yote matatu kwa Kiswahili. Huu ni mwongozo kwa wasomaji wetu, si ushauri wa kisheria, na wala hausemi kwa niaba ya jamii yoyote ya asili. Wao wana waandishi wao.

Nianze na kiapo, maana ndicho kinachowatia watu wasiwasi. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni walikopelekwa kwa nguvu watoto wa jamii za asili na iliyofanya kazi kuanzia 2008 hadi 2015, ilimaliza kwa kutoa miito 94 ya kuchukua hatua. Wa 93 na wa 94 inatuhusu sisi wahamiaji moja kwa moja: mmoja unataka taarifa na mtihani wa uraia virekebishwe, mwingine unataka kiapo kibadilishwe. Sheria ya kubadili kiapo iliidhinishwa tarehe 21 Juni 2021. Tangu hapo, anayeapa huahidi kufuata sheria za Kanada pamoja na Katiba, ambayo inatambua na kuthibitisha haki za asili na haki za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametis. Kwa hiyo ile kauli ya "hayo ni ya wazungu na wenyeji wao, sisi tumefika juzi" naomba ikome. Ukiinua mkono pale, umeshaingia.

Majina yaliyotajwa ni matatu kwa sababu watu wenyewe ni wa makundi matatu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wa jamii za asili zaidi ya milioni 1.8, karibu asilimia 5 ya Wakanada wote. Mataifa ya Kwanza peke yake ni jamii zaidi ya 630 zenye lugha zaidi ya 50: Wakrii, Waanishinaabe, Wahaida, Wamikmaki na wengine wengi. Kumwita Mhaida "mwenyeji wa asili" na kuishia hapo ni kama kumwita Mmakonde "Mwafrika" ukadhani umeshamtambulisha. Kwa jumla ya makundi yote, "watu wa jamii za asili" inatosha. Kwa mtu mmoja, taja taifa lake.

Kuhusu Wainuiti, watu wa kaskazini ya barafu, sina mengi. Neno "Eskimo" limeachwa Kanada. Hata timu ya mpira ya Edmonton iliyolibeba kwa miongo mingi ililitupa mwaka 2020. Mtu mmoja kwa lugha yao ni Inuk, wengi ni Inuit. Wapo wanaobishana kama "Wainuiti" si wingi juu ya wingi. Kiswahili kina ngeli zake, tusichoshane.

Shida kubwa tunayoiona kwenye dawati ni Wametis, na inawapata zaidi wasomaji waliosoma kwa Kifaransa, wale wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura. Kwao métis ni chotara, mtoto wa Mbelgiji na mama Mwafrika, na neno hilo lina machungu yake ya kikoloni. Basi wakifika hapa huandika kwenye fomu kwamba mtoto wao aliyezaliwa na mama Mkongo na baba mzungu wa Québec ni Métis. Siyo. Kwa maana inayotajwa kwenye kiapo, Métis ni taifa: watu waliotokana na ndoa za wafanyabiashara wa manyoya wa Kizungu na wanawake wa Kikrii na Kianishinaabe, wakajenga jamii zao, lugha yao na siasa zao kwenye Mto Red, pale Winnipeg ilipo leo. Kiongozi wao Louis Riel ndiye aliyesimama mbele ya madai yaliyozaa jimbo la Manitoba mwaka 1870, na serikali ilimnyonga Regina tarehe 16 Novemba 1885. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 2003, katika kesi ya Powley, kwamba anayedai haki za Wametis lazima ajitambulishe hivyo, awe na nasaba inayofika kwenye jamii ya Wametis ya kihistoria, na jamii ya leo imkubali. Kuchanganya damu peke yake hakumpi mtu utaifa huo.

Hapo naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kuna adhabu. Kujaza kisanduku kwa kutojua kwenye fomu ya kadi ya maktaba hakuna madhara, tutakirekebisha. Kudai kwa makusudi ili upate ufadhili, ajira au zabuni iliyotengwa kwa jamii za asili ni jambo jingine. Mwajiri anaweza kukufukuza, chuo kinaweza kudai fedha zake, na polisi wanaweza kuitwa. Mwaka 2024 mahakama ya Nunavut, kaskazini mwa Kanada, ilimhukumu mwanamke kifungo cha miaka 3 kwa udanganyifu, baada ya kuwaandikisha binti zake mapacha kuwa Wainuiti na wao kunufaika na fedha za masomo. Sisemi haya kumtisha mtu. Ninasema kwa sababu nimeona fomu zikijazwa kama mtu anayejaza tiketi ya bahati nasibu.

Sasa neno "Indian". Kwa Kiswahili vitabu vya zamani vilituachia "Wahindi Wekundu", na bado nalisikia. Liacheni. Wahindi tunawafahamu, wako Gujarat, Mombasa na Brampton. Kwa Kiingereza mambo yana ngazi zake. Sheria iitwayo Indian Act ilipitishwa mwaka 1876 na ingali inatumika. Ndiyo inayosema nani ameandikishwa na nani hakuandikishwa, na Katiba ya 1982 nayo inatumia neno hilo hilo. Kwa hiyo utalikuta kwenye kadi, kwenye hukumu, kwenye nyaraka za benki. Hilo ni neno la sheria. Kisha kuna neno la mwandishi, ambaye anaweza kujiita apendavyo, kwa uchungu, kwa kejeli au kwa mazoea ya bibi yake. Na kuna neno lako wewe msomaji unapomzungumzia. La tatu ndilo pekee lililo mikononi mwako.

Mfano ulio karibu zaidi ni Maria Campbell, mwandishi Mmetis wa Saskatchewan. Mwaka 1973 alitoa kumbukumbu za maisha yake na kuziita *Halfbreed*, yaani "chotara", tusi lile lile alilotupiwa utotoni. Watu wake walifukuzwa kwenye ardhi wakajenga vibanda kwenye vipande vya serikali vilivyotengwa kwa ajili ya barabara, na yeye anasimulia bila kumpamba mtu. Mtu akija kuniambia kitabu hicho kiondolewe kwa sababu ya jina, namwomba akifungue kwanza. Jina ni lake. Wewe usimwite hivyo, basi. Na unapokiomba, angalia mwaka wa chapa. Mchapishaji wa kwanza aliondoa kurasa ambazo mwandishi alieleza jinsi askari wa polisi wa kifalme alivyomnajisi akiwa msichana. Kurasa hizo ziligunduliwa baadaye kwenye nyaraka zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha McMaster, na chapa kamili ikatoka 2019. Katika katalogi yetu zote mbili zipo. Chukua ya 2019.

Utajuaje taifa la mwandishi? Geuza kitabu. Nyuma ya jalada, au kwenye ukurasa wa mwisho, karibu waandishi wote wa jamii za asili hutaja taifa na mara nyingi hata kijiji. Richard Wagamese alijitaja kuwa Muojibwe wa Wabaseemoong; Eden Robinson hujitaja Mhaisla na Mheiltsuk. Nakili walichoandika, usikifupishe. Wenye shaka waanze na nyumba za uchapishaji zinazomilikiwa na jamii hizo, kama Theytus ya Penticton iliyoanza 1980, au Inhabit Media ya Nunavut kwa vitabu vya watoto. Tahadhari ipo, kwa sababu udanganyifu si wa leo. Miaka ya 1930 dunia nzima ilimshangilia mwandishi wa misitu aliyejiita Grey Owl na kuvaa ngozi na manyoya. Alipofariki 1938 ikabainika ni Archie Belaney, mzaliwa wa Hastings, Uingereza.

Kwenye rafu zenyewe, tunawaomba radhi mapema. Mfumo wa namba tunaotumia unaweka simulizi za jamii za asili kwenye 398, pamoja na hadithi za sungura na fisi, hata pale ambapo kwa wenyewe simulizi hiyo ni historia au sheria ya ardhi. Mengine yamo kwenye 970, historia ya Amerika Kaskazini, kana kwamba wahusika wameshakufa. Kazi ya kuhamisha vitabu inaendelea polepole na mimi si msemaji wa bajeti. Ila mnapoandika au kusimulia, msirudie kosa la rafu: "Wakrii walikuwa wanaamini", "Wainuiti walikuwa na desturi". Gregory Younging wa taifa la Krii la Opaskwayak, aliyeandika mwongozo wa wahariri mwaka 2018, alilikataza hilo kwa maneno makavu. Watu wapo, tumia wakati uliopo.

Kwa anayetaka riwaya, nampa *Sanaaq* ya Mitiarjuk Nappaaluk wa Nunavik, kaskazini mwa Québec. Hakwenda shule. Miaka ya 1950 wamisionari walimwomba awaandikie sentensi za kujifunzia Kiinuktituti, lugha ya Wainuiti, naye akaandika kwa herufi za silabi. Zikanoga, zikawa kisa cha mjane na familia yake, kuanzia kushona mashua ya ngozi hadi wazungu kufika. Kilichapishwa kwa Kiinuktituti mwaka 1984, Kifaransa 2002, Kiingereza 2014.

Nguo ya chungwa sasa. Phyllis Webstad, Msekwepemki wa British Columbia, alikuwa na umri wa miaka 6 mwaka 1973 alipopelekwa shule ya bweni ya misheni akiwa amevaa shati jipya la chungwa alilonunuliwa na bibi yake. Walimvua siku ya kwanza, hakulipata tena. Wazazi wa kwetu wakisikia "shule ya bweni" hutabasamu, maana kwetu bweni hugombewa kwa ada. Zile hazikuwa hivyo. Kuanzia 1920 sheria iliwalazimisha watoto, waliwekwa mbali na wazazi kwa miaka, na walichapwa kwa kusema lugha ya mama. Aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea kikwao shuleni Kenya au Kongo ana pa kuanzia. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia humo, maelfu walikufa, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Tarehe 30 ni siku ya kuwakumbuka hao, kwa hiyo msiwaletee watoto keki.

Na wale wanaoniambia kwetu hakuna ubaguzi wa namna hii, waache kwanza kuwaita Wambuti na Watwa "mbilikimo". Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha sheria ya kuwalinda Julai 2022.

Utaratibu wa malalamiko uko hivi. Hatupokei malalamiko kwa simu wala kwa kumtuma mtoto. Chukua fomu ya kuomba kitabu kitazamwe upya. Ipo kwa Kiingereza na Kifaransa, nasi tunasaidia kuijaza. Andika jina kamili la kitabu, mwaka wa chapa, kurasa zinazokukera na sababu, kisha utie sahihi. Fomu isiyotaja kurasa hurudishwa. Kamati husoma kitabu chote na kujibu kwa barua; usiporidhika unakata rufaa kwa bodi ya maktaba. Kitabu kisichopo kwetu tunakiagiza kutoka maktaba nyingine, na ukikipoteza utalipa bei yake pamoja na gharama ya kukishughulikia, hata kama faini za kuchelewesha tumezifuta. Wakati fomu inashughulikiwa, kitabu hubaki kwenye rafu na yeyote anaweza kukiazima, akiwemo mlalamikaji.