Masomo ya sekondari Marekani ikiwa vitani: yalifaa au yalikuwa ya kupoteza muda?

Ukisikia watu wakisimulia shule za sekondari za Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, picha ni ileile: kijana wa miaka 17 anafunga kitabu cha ushairi, anashika spana. Picha hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi.

Dhana: Vita viliweka vitabu kando, shule zikawa karakana.

Ni kweli kwamba Septemba 1942 serikali iliunda kikosi cha wanafunzi kilichoitwa High School Victory Corps, chenye matawi 5: anga, nchi kavu, bahari, uzalishaji na huduma za jamii. Shule nyingi zikaongeza somo la urubani na mazoezi ya viungo. Lakini somo lililopanda thamani kuliko yote lilikuwa lile ambalo wanafunzi wengi walikuwa wakilikimbia, yaani hesabu.

Mwishoni mwa 1941, kabla hajakabidhiwa kikosi cha Pasifiki, Admirali Chester Nimitz aliandika barua kuhusu mtihani ambao jeshi la majini liliwapa vijana 4,200 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 27. Asilimia 68 walishindwa sehemu ya mafumbo ya hesabu, na asilimia 62 walianguka mtihani mzima. Hao ni waliofika chuo! Barua ilipochapishwa mwaka uliofuata, walimu wa hesabu walikuwa wamepata hoja ambayo hawangeweza kuinunua kwa fedha.

Hesabu yenyewe ilifanya kazi gani? Chukua ndege ya mwendo wa maili 150 kwa saa inayotaka kwenda kaskazini moja kwa moja, huku upepo wa maili 40 kwa saa ukivuma kutoka magharibi. Rubani akielekeza pua kaskazini na kuusahau upepo, baada ya saa 2 atakuwa amesukumwa maili 80 upande wa mashariki. Juu ya bahari, huko ni kupotea kabisa. Dawa ni pembetatu ya darasani: gawa 40 kwa 150, tafuta kwenye jedwali pembe yenye sine hiyo, unapata nyuzi 15 na nusu. Pua inageuzwa kushoto kiasi hicho. Kwa kuwa sasa ndege inapambana na upepo, mwendo wake juu ya bahari unashuka hadi karibu maili 145 kwa saa, kwa hiyo hata mafuta hupigiwa hesabu upya. Somo la urubani bila trigonometria lilikuwa hadithi tu.

Dhana: Ufundi ni kazi ya mikono, kichwa kinapumzika.

Mwanzoni mwa 1942 jeshi la majini liliomba shule zichonge ndege za mfano 500,000 za kufundishia watu kutambua ndege. Mtu angedhani ni vinyago vya kuchezea. Kipimo kilikuwa 1 kwa 72, na hakikuchaguliwa hivihivi: mfano ukiwa mita 10 kutoka kwenye jicho, unaonekana kama ndege halisi iliyo mita 720. Ukikosea unene wa bawa kidogo, mwanajeshi anajifunza umbo ambalo halipo. Mwanafunzi aliyekuwa na msumeno na msasa alikuwa anafanya uwiano, tena bila nafasi ya kukisia.

Dhana: Vijana wa zamani walijua historia na jiografia kuliko wa leo.

Hii ndiyo naipenda zaidi, maana kila kizazi huirudia. Aprili 1943 gazeti la New York Times lilichapisha matokeo ya jaribio la historia ya Marekani kwa wanafunzi wa vyuo wapatao 7,000. Asilimia 6 tu waliweza kutaja makoloni yote 13 ya mwanzo. Upande wa jiografia, Rais Roosevelt aliwaomba wananchi wawe na ramani ya dunia mbele yao kabla ya hotuba yake ya redio ya Februari 23, 1942, na ramani zikagombewa madukani. Mtu mwenye atlasi ya kutosha kichwani hagombei ya dukani.

Dhana: Lugha za kigeni zilikuwa mapambo.

Kilatini sitakitetea sana, ingawa vita havikukiua: asilimia ya wanafunzi waliokisoma ilikuwa ikishuka tangu mwanzoni mwa karne. Ila jeshi la majini lililazimika kufungua shule ya Kijapani huko Boulder, Colorado, kwa sababu waliokijua vizuri walikuwa wachache mno. Na mwaka 1942, Wanavajo 29, watu wa kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliingizwa katika kikosi cha Marines wakatunga msimbo kwa lugha yao ambao Wajapani hawakuufumbua. Lugha hiyohiyo watoto wa Kinavajo walikuwa wakiadhibiwa kwa kuizungumza katika shule za bweni za serikali. Waliopanga mtaala walikosea vibaya hapo. Walikuwa wakipiga viboko silaha ya nchi yao.

Dhana: Aliyeacha shule kwenda kiwandani hakupoteza kitu.

Mshahara ulikuwa mzuri, na idadi ya wanafunzi wa sekondari ilishuka kwa zaidi ya milioni moja kati ya mwanzo wa vita na 1944, wengine wakienda viwandani, wengine jeshini. Sheria ya Juni 22, 1944 ikaja na ahadi ya kuwalipia maveterani masomo, na hapo cheti cha sekondari kikawa ufunguo. Kwa askari ambao hawakumaliza shule ulikuwepo mtihani wa GED, wa kuthibitisha elimu inayolingana na ya sekondari, uliotungwa tangu 1942. Ulikuwa na sehemu 5: uandishi sahihi wa Kiingereza, kusoma na kuelewa maandishi ya jamii, ya sayansi na ya fasihi, kisha hesabu. Haki isemwe: haukudai tarehe wala majina ya kukariri. Ulimpa mtu aya ndefu na kumuuliza inasema nini, na askari aliyeachia darasa la pili la sekondari alikaa mbele ya aya hiyo akiwa na alichokibeba kutoka darasani na alichojisomea kambini.